Nyumba Ambayo Ukiita Unasikika

Kabla sijaanza, naomba mnivumilie. Herufi zangu hulala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na tahajia yangu si ya kutegemewa, maana shule yangu iliishia ya msingi, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili ubaoni. Ukurasa mmoja hunichukua muda wa kuivisha maharagwe. Atakayekuta neno limekosewa alisahihishe kimoyomoyo, aendelee mbele.

Naandika kwa sababu binamu yangu ameoa majuzi na anatafuta nyumba ya kupanga. Aliniuliza, tena mbele ya watu, mtu aangalie nini kabla ya kupanga. Mimi nikiulizwa jambo mbele ya watu hukauka. Nilisema, "Paa," wakacheka, na mazungumzo yakaenda kwingine. Lakini jibu ninalo. Nililipata Lamu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipokuwa nikiishi na dada yangu na mumewe.

Shemeji alikuwa karani wa serikali. Alihamishwa kutoka bara akaletwa Lamu, na kazi yake ilikuwa ya kuzunguka visiwani, mara Faza, mara Kiwayu, na kurudi kwake kulitegemea kupatikana kwa mashua. Dada hakutaka kukaa peke yake katika mji asioujua. Kwa hiyo nikachukuliwa mimi, niliyekuwa nimemaliza shule na sijajua la kufanya, niwe mtu wa nyumbani.

Kwanza tulipanga chumba mtaa wa Langoni, chini ya paa la makuti. Pale hatukuwa na siri. Jirani akikohoa, sisi tunampa pole tukiwa kitandani. Dada akichelewa kusonga ugali, mtu wa upande wa pili anauliza kupitia ukutani, "Jamani, leo hamli?" Shemeji alichukia sana. Dada alicheka. Lakini mwenye nyumba alikuja kutuambia kwa adabu kwamba mwanawe anaoa na chumba kinatakiwa, na shemeji naye alikuwa ameshafunga mkoba wa safari. Kazi ya kutafuta nyumba ikaniangukia mimi.

"Tafuta nyumba ya mawe," shemeji aliniambia akivaa viatu. "Iwe na kufuli la maana, iwe na ubaridi, na iwe mbali na punda."

Aliyewahi kufika Lamu anajua kwamba hakuna mahali palipo mbali na punda. Nilisema ndiyo.

Alipokwisha kuondoka, dada aliniita jikoni. Wakati ule alikuwa mja mzito, tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni. Hiyo ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa huko bara, walipoishi katika nyumba za serikali, kila nyumba na ua wake wa michongoma. Uchungu ulimjia kabla ya wakati, shemeji akiwa safarini, mvua ikipiga mabati. Aliita majirani mpaka sauti ikamkauka. Walikuja mvua ilipokatika. Mtoto hakuishi. Dada hakupenda kulisema jambo hilo, na siku hiyo pia hakulisema. Aliendelea kukuna nazi, kisha akaniambia bila kuinua kichwa:

"Kufuli na punda ni mambo ya shemeji yako. Mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka nyumba ambayo ukiita unasikika."

"Nitajuaje, dada?"

"Utaingia mpaka ndani kabisa, kisha utaita."

"Nimwite nani?"

"Mtu yeyote. Niite mimi."

"Lakini watu watanisikia."

Akaweka nazi chini akaniangalia. "Sasa si ndicho ninachokitaka?"

Nawaambieni kweli, angenituma kuchimba kisima ningeona ni nafuu. Mimi ni mtu ambaye hata dukani husubiri wengine wote wahudumiwe ndipo niseme ninachotaka. Kwenda katika nyumba ya watu na kupiga kelele ilikuwa adhabu. Lakini nilijua kwa nini ananituma, na sikuweza kukataa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofani kwa mpika halua, hapohapo Langoni. Nilipanda ngazi ya mbao, nikasimama katikati ya chumba, nikaita, "Dada." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi. Chini, mwiko ukaacha kugonga sufuria, na mpika halua akajibu kwa furaha, "Dada yako hayupo huku, bwana mdogo, lakini halua ipo!"

Nilishuka mbio kumwambia dada kwamba nyumba imepatikana. Tulirudi pamoja. Alipofika katikati ya ngazi, mvuke wa samli na iliki ukampanda puani, akashika ukuta, akageuka, na hatukuzungumza tena habari ya nyumba ile. Yule bwana alitufungia kipande cha halua katika gazeti. Nilikila peke yangu.

Nyumba ya pili nilipelekwa na dalali, mzee mwembamba aliyezoea kusifu nyumba kabla hajaifungua. Ilikuwa mtaa wa Mkomani, nyumba kubwa ya mawe yenye mlango wa nakshi. Alinionyesha kila chumba. Tulipofika cha ndani kabisa nilijikaza nikaita, "Dada!" Popo wakaruka kutoka darini, wakazunguka juu ya vichwa vyetu. Hakuna mwingine aliyeitika.

"Wamwita nani?" dalali akaniuliza.

"Dada yangu."

"Yu wapi?"

"Langoni."

Dalali aliniangalia kwa huruma. Tangu hapo akawa anasema nami polepole, kama asemavyo mtu na mgonjwa anayepata nafuu. Hata hivyo hakunitupa. Siku iliyofuata alinipeleka kwenye nyumba nyingine, hapohapo Mkomani, katika kichochoro chembamba ambamo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Yeye alibaki nje barazani, kwenye daka la mlangoni, akaniambia nipande mwenyewe "nikaite nikitakacho."

Ilikuwa nyumba ndogo ya zamani. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu yako haifiki nje. Chini kulikuwa na kisima na chumba kimoja. Katikati, vyumba virefu vyembamba, maana vyumba vya huko upana wake haupiti urefu wa boriti zinazobeba dari. Na jiko lilikuwa juu kabisa, chini ya makuti. Nilipanda hadi chumba cha ghorofani. Kuta zake ndefu zilikuwa zimejaa vishubaka vya kuwekea vyombo, na mwisho wa chumba, kwenye ukuta mfupi, palikuwa na mlango mdogo wa mbao.

Niliita, "Dada!" Ukuta ukaimeza sauti. Nikaona aibu yangu inapungua, kwa kuwa ni wazi hakuna anayesikia. Nikaita tena kwa nguvu, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo.

"Wapigani kelele, mwanangu?" Sauti ya mwanamke mzee ilitoka nyuma ya mlango ule mdogo. "Nyumba haina mtu. Wamwita nani?"

Nilitaka kukimbia. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka kidogo, na upande wa pili alisimama bibi mfupi, amejifunika leso mbili, mdomo una tambuu.

"Dada yangu, Bi," nikasema.

"Na dada yako yuko humu?"

"Hapana, Bi. Yuko Langoni. Amenituma nione kama mtu akiita huku anasikika."

Yule mzee, niliyemwita Bi mpaka siku tulipoachana, hakucheka. Alitafuna tambuu yake taratibu, kisha akauliza, "Ni mja mzito?"

Sikuwa nimesema neno lolote la mimba. Nikainamisha kichwa.

"Na mato yako yatafuta nini tini?" akasema. "Umeangusha shilingi? Inua uso, nikuone. Haya. Nyumba hii ni ya binti yangu. Mumewe amempeleka Mombasa. Mimi niko hapa, ukuta kwa ukuta, na wakaza wanangu. Mlango huu wa yuu ndiyo ndia yetu ya wanawake. Haufungwi. Mwanamume akipanda ngazi apige hodi, basi. Mtaweza?"

Kusema mato kwa macho, tini kwa chini, yuu kwa juu, na ndia kwa njia ni desturi ya wenyeji, nami nilishaizoea Langoni. Nilisema tutaweza. Jioni nilimweleza dada kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Lamu nilimsikia akiimba akiosha vyombo.

Tulihamia kabla shemeji hajarudi. Siku zile nazikumbuka kwa mapenzi. Bi alikuwa akipita mlango wa juu kila siku, peku, bila haraka, kama mtu anayetoka chumba kimoja cha nyumba yake kwenda kingine. Alimkataza dada kupandisha ndoo za maji hadi jikoni. Wakaza wanawe, yaani wake za wanawe, walipitisha maji na kuni kwa mlango ule, wakicheka na kunong'onezana. Alimfundisha kupika wali wa nazi usioshika chini, na kusuka ukili wa mikeka. Dada naye akamsukia ukili, maana mikono yake ni myepesi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga hodi ngazini, na hata hiyo haikumridhisha Bi.

"Hodi gani hiyo?" Bi alinipigia kelele kutoka juu. "Hata paka hodi yake ni kubwa! Rudi tini uanze tena!"

Nikarudi chini nikaanza tena, na wanawake wakacheka huko juu, na dada akacheka kuliko wote.

Kisha shemeji akarudi, na pamoja naye likaja kabati.

Lilikuwa kabati la nguo, zawadi ya harusi waliyopewa na makarani wenzake, lenye kioo kirefu mlangoni. Lilikuwa limebaki Mombasa likingoja meli ya mizigo. Shemeji alilipenda. Kila asubuhi, huko bara, alisimama mbele ya kioo kile akajiona mzima kutoka utosini hadi viatuni, na nadhani hicho ndicho kilichompa nguvu ya kwenda kazini.

Mahamali walilibeba kutoka forodhani kwa nyimbo. Walipofika kichochoroni kwetu nyimbo zikaisha. Mlangoni liliingia kwa shida. Ngazini halikuingia kabisa, maana ngazi za nyumba zile hupinda kama mkono uliokunjwa.

"Bwana karani," akasema hamali mmoja akijifuta jasho, "mbona umepanga nyumba, na nyumba nyingine umekuja nayo?"

"Livue viatu, labda litapita!" mwingine akasema, na barazani kote watu wakaangua kicheko. Shemeji naye akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Hatimaye walilipandisha kwa kamba kwa nje, wakalipitisha juu karibu na jiko, wakaliteremsha hadi chumbani kwa ngazi fupi ya ndani iliyokuwa pana kidogo. Dada alikuwa chini kisimani muda wote, ameambiwa asikaribie. Walipoliweka ukutani kwenye urefu wa chumba, njia ikaziba. Mtu angelazimika kupita kitandani kwenda dirishani. Mahali pekee palipolitosha ni ule ukuta mfupi wa mwisho. Hapo lilikaa kama lililopimiwa. Shemeji akarudi nyuma, akajitazama kiooni, akavuta koti.

Dada alipanda, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Na mlango?" akauliza.

"Mlango gani?"

Mimi nilikohoa. "Nyuma ya kabati kuna mlango, shemeji."

"Wa kwenda wapi?"

"Kwa jirani."

"Ndani kwa jirani?" Shemeji alitutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mtu wa nyumba nyingine anaweza kuingia chumbani kwangu? Sasa nimepanga nyumba au nimepanga kichochoro?"

Dada alimweleza sharti la Bi. Shemeji hakuwa mtu mkali, nataka hilo lieleweke. Alijaribu kweli. Tulilisogeza huku, tukalisogeza kule, tukapima kwa kamba. Kulirudisha chini hakukuwezekana, mahamali walishaondoka. Mwisho akasema, "Mlango wa mbele upo. Mtu mwenye adabu hupita mbele," na kabati likabaki pale.

Alasiri ile tulisikia komeo likisukumwa upande wa pili, polepole. Bi hakuja kulalamika. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwao, mtu akiufunga mlango wa namna ile, jirani hamwulizi sababu. Naye hufunga upande wake, akabaki akimsalimu vizuri. Na kupita mbele Bi hakuweza, miguu yake haikuwa tena ya vichochoro na ngazi. Dada naye alizidi kuwa mzito. Wakaza wana hawakuja tena na maji. Mimi ndiye niliyepandisha ndoo, na nilipofika katikati ya ngazi nilipiga hodi kwa mazoea, na hakuna aliyenicheka.

Siku moja shemeji akiwa kazini, dada aliniambia, "Nenda ukae barazani, usikilize."

Nilikwenda nikakaa. Punda walipita na mchanga wa kujengea. Mtu aliuza mihogo. Nilingoja sana, nikisikiliza kwa masikio yote, nikapanda tena. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono shingoni.

"Umesikia?"

Ningependa kumpa jibu jingine. "Sikusikia, dada."

"Nimekuita mpaka nimechoka," akasema. Hakulia. Alichukua vinguo vya mtoto alivyokuwa ameshona, akavikunja, akavikunjua, akavikunja tena. "Tutafute nyumba nyingine."

Lakini wakati wa kutafuta nyumba nyingine ulikuwa umekwisha, na sote wawili tulijua. Niliwaza kumwambia shemeji. Nilipanga maneno kichwani nikichota maji, nikayapanga nikipanda ngazi, na kila nilipofika mbele yake yalinipotea.

Kabati lenyewe ndilo lililosema naye. Sakafu za chokaa za nyumba zile hazijanyooka, na kabati lilikuwa limeinama mbele kidogo, hivi kwamba kioo kilimwonyesha shemeji tumbo kubwa kuliko alilokuwa nalo. Jumapili moja alasiri aliamua kulisawazisha. Dada alikuwa kisimani akifua, nami nilikuwa barazani nikimenya muhogo. Shemeji aliinua kona moja aweke gazeti lililokunjwa chini ya mguu, mkono na bega vikiwa nyuma ya kabati. Likarudi likambana ukutani, akashindwa kulisukuma wala kuchomoka.

Aliita. Aliniita mimi, akamwita dada, akaita yeyote. Shemeji alikuwa na sauti ya kusoma majina ya watu mkutanoni, lakini kuta ziliimeza, na upande wa Bi komeo halikusogea. Mimi niliendelea kumenya muhogo wangu.

Muhogo ulipoiva nilipanda kumwita. Nilipiga hodi ngazini, na kutoka chumbani nikasikia sauti dhaifu ikisema, "Hodi ya nini, wewe? Njoo!"

Nilimkuta shavu limebanwa kwenye ukuta, fulana imejaa chokaa. Nilisukuma, akachomoka, akakaa sakafuni akihema.

"Nimeita tangu wakati gani!" akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo chini barazani, shemeji."

"Na dada yako?"

"Kisimani."

"Na hamkusikia?"

"Hatukusikia." Kisha, sijui maneno yalitoka wapi, labda kwa kuwa alikuwa amekaa chini na mimi nimesimama. "Dada naye akiita, ni hivyohivyo. Ameshajaribu. Mimi nilikuwa barazani nikisikiliza."

 Shemeji alitazama kabati, akatazama ule ukuta. Naamini aliiona ile nyumba ya serikali na ua wake wa michongoma, na mvua. Alikaa hivyo akisugua bega.

Kesho yake alileta seremala kutoka Langoni. Seremala alilizunguka kabati, akaligonga, akalisifu mbao.

"Kuliteremsha waliweza, lakini kulipandisha tena ngazi ile likiwa zima haiwezekani, bwana karani," akasema. "Labda nilipasue katikati, liwe makabati mawili mafupi. Lakini kioo hiki, utajiona nusu."

"Nusu inatosha," shemeji akasema.

Msumeno ulipoanza, alishuka akaenda kukaa barazani, hakutaka kuona.

Makabati mawili yakashuka ngazi bila shida, na mlango mdogo ukaonekana tena, lakini komeo la upande wa pili lilikuwa bado. Shemeji aliinua ngumi agonge. Dada akamshika mkono. "Si hivyo," akamwambia. Akapanda jikoni, akapika chakula cha kwetu, mahindi na maharagwe, akakijaza sahani kubwa, akakifunika kwa kawa alilosuka mwenyewe kwa ukili aliofundishwa na Bi. Akanipa mimi.

Nilizunguka kwa kichochoro mpaka mlango wa mbele wa Bi. Wanawe wa kiume walikuwa wamekaa barazani pamoja na wenzao, wote wakageuka kunitazama. Nilipanda hadi ukumbini na sahani yangu. Bi alikuwa amekaa mkekani.

Nilikuwa nimepewa salamu ndefu ya kusema. Niliyoisema ni hii: "Bi, kabati limeondoka."

Bi alifunua kawa. Alichukua punje moja ya mahindi, akaitafuna kwa upande aliobaki na meno, akaitafuna sana.

"Mashallah," akasema. "Na haya mawe, mwanangu, ni ya kula au ni ya kuyengea nyumba?"

Wakaza wanawe walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilitazama chini.

"Haya, na shilingi yako bado hujaipata," Bi akasema. "Enda zako. Mwambie dada yako sahani yake yaja."

Nilirudi mbio. Nilipokuwa napanda ngazi nilisikia komeo likivutwa. Nikasimama pale pale nikapiga hodi, kubwa, kutoka kifuani. Kutoka juu sauti ya Bi ikajibu, "Sasa hiyo ndiyo hodi!" Sahani yetu ilikuwa imerudi kwa mlango wa juu, imejaa vitumbua.

Dada alijifungua alasiri, shemeji akiwa Kiwayu. Nilikuwa chini nikichota maji. Sikusikia akiita, mimi sikupaswa kusikia. Nilisikia nyayo tu juu ya kichwa changu, nyayo nyingi za peku zikikimbia kutoka upande wa Bi kuja kwetu. Niliacha ndoo nikapanda mbio, nikasahau hodi, na sauti ya Bi kutoka juu ikanikuta kwenye kona ya ngazi.

"Rudi tini!" akasema. "Hapa si pako. Aliita mara moja, tulikuwa tumefika. Enda ukae barazani, ukamwombee Mungu."

Nikaenda nikakaa barazani, nikaomba kwa maneno niliyofundishwa kwetu, na juu yangu nilisikia wanawake wakiomba kwa maneno yao. Yule dalali mwembamba alikuwa akipita. Alipoona sura yangu akakaa kando yangu. Tulikaa mpaka mtoto akalia. Sauti ile ilitoka kwenye dirisha la juu, ikapita ukuta mnene, ikajaa kichochoro kizima, na punda mmoja akasimama.

"Ndiye yule dada uliyekuwa ukimwita?" dalali akaniuliza.

"Ndiye."

"Ameitika?"

"Ameitika," nikasema.

Mtoto ni wa kike, na anakua. Tulikaa nyumba ile mpaka shemeji alipohamishwa tena, na mtoto alijifunza kutambaa kwa kwenda na kurudi kwenye mlango ule, hata Bi akawa anasema hajui mtoto ni wa nyumba ipi. Yale makabati mawili mafupi yamekwenda nasi kila mahali. Shemeji hujitazama kwenye nusu moja, dada kwenye nyingine. Na kila anapohamishwa, kabla hajapokea ufunguo wa nyumba mpya, shemeji hubaki nje na mwenye nyumba na kunigeukia mimi. "Haya," huniambia, "panda ukaite." Nami hupanda, nikaita, ingawa uso bado unanichoma.

Kwa hiyo, binamu yangu, paa liangalie, na kisima, na ngazi kama mkeo ataziweza. Lakini kwanza ingia mpaka chumba cha ndani kabisa, uite, kisha unyamaze usikilize ni nani anayeitika.

Nanyi mliosoma mpaka hapa, ningependa kujua ninyi huangalia nini kabla ya kupanga, na kama mmewahi kuwa na jirani wa namna ile. Niandikieni. Msione haya kwa mwandiko wenu, mmeshauona wangu. Nitasoma polepole, na kujibu nitachelewa, lakini nitajibu.